Saba Isiyo na Mkato

"Mia moja," binamu yangu akasoma, na kidole chake kikashuka kwenye jina lililofuata.

Hakuna aliyesema kitu. Tulikuwa chini ya hema, nje kidogo ya Luanda kule Vihiga, Jumatano jioni, siku tatu kabla ya kumzika baba mdogo. Kamati ilikuwa ikisomewa michango ya siku hiyo. Mzee ambaye jina lake lilikuwa limetoka kutajwa alikuwa ameketi safu ya pili, kofia magotini. Aliiokota ile kofia, akaivaa, akaendelea kusikiliza majina ya wenzake hadi la mwisho. Kisha akaaga kama kawaida.

Mkewe ndiye aliyekuja asubuhi kumwambia senje, shangazi yangu, kando ya jiko, kwa sauti ya chini: mzee alitoa mia saba.

Daftari niliandika mimi.

Nililikimbilia. Kweli, pale palikuwa na kitu ambacho kingeweza kuwa 700 na kingeweza kuwa 100, ikitegemea msomaji ameamua kuona nini. Saba yangu ilikuwa kijiti kilichoinamisha shingo kidogo, kama mtu anayesinzia kanisani. Pesa taslimu zilipohesabiwa zilikuwa zimezidi shilingi mia sita, na binamu, ambaye ndiye mweka hazina, alidhani kuna mchangaji aliyesahauliwa kuandikwa.

Sina haja ya kuwaeleza daftari la matanga ni nini, wala linafunguliwa lini tena. Tulisahihisha. Senje akaenda kwa mzee na kilo mbili za sukari, maneno yakaisha.

Kwangu hayakuisha. Wiki sita sasa.

## Wewe ndiye msomi

Senje alinikalisha mezani bila kuniuliza. "Wewe ndiye msomi. Keti hapo uandike." Nikatoa simu nimwonyeshe kwamba naweza kufungua jedwali humo, likajijumlisha lenyewe hadi jioni. Akaitazama. "Hii ya kuzimika?" akasema, akanisukumia kaunta buku na biro.

Ukurasa wa kwanza ulitoka vizuri. Ninaukumbuka kwa fahari. Kufikia wa tatu kidole gumba kilikuwa kinawaka, herufi zimeanza kulala, na foleni imefika kwenye migomba. Watu wa matanga hawaandikiki taratibu. Mmoja anakupa noti na papo hapo anakuuliza watoto wako wanasoma wapi. Mwingine anataka liandikwe jina la marehemu mumewe badala ya lake. Wa tatu ameleta kuku, amemshika miguu, na haondoki mpaka aone umeandika "kuku".

Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho kujaza ukurasa mzima kwa mkono. Nikarudi nyuma mwaka baada ya mwaka. Orodha ya sokoni iko kwenye simu. Sahihi naiweka kwa kidole kwenye kioo, mtu wa mizigo akifika. Kile kitabu cha wakala wa M-Pesa, ambacho zamani ulikiinamia ukaandika jina, kitambulisho na sahihi, wakala wangu hunijazia mwenyewe kwa kuwa ananijua. Nadhani ulikuwa mtihani wangu wa mwisho chuoni. Miaka kumi na tatu.

Hapo ndipo aibu inapokolea, kwa sababu riziki yangu imetokana na kusoma miandiko.

## Mikono ya watu

Nina saiba ndogo Kondele, Kisumu. Kompyuta tatu, printa moja yenye hasira zake, na mashine ya fotokopi. Kinacholipa kodi ya chumba si intaneti, maana watu wana bando zao. Ni vijitabu vya mazishi: picha kwenye jalada, ratiba ya ibada, wasifu wa marehemu kurasa mbili tatu, nyimbo nyuma. Kuanzia Jumanne hadi Ijumaa huwa ninataipu maisha ya watu nisiowajua.

Nilipoanza, wasifu karibu wote ulikuja kwa mkono, kwenye kurasa zilizochomolewa katikati ya daftari la mtoto, bado zina matundu ya pini. Nilijifunza kumtambua mtu kabla hajafungua mdomo. Mwalimu mstaafu huandika herufi za kuunganisha, zote zimeinamia upande mmoja kama mpunga wa Ahero ukipigwa na upepo. Muuguzi, kila tarehe iko sahihi na kila kitu kingine ni cha kukisia. Mtu wa kanisa, kila Neno lenye Uzito lina Herufi Kubwa. Wakati mwingine nilikuta wino umebadilika rangi katikati ya sentensi, nikajua hapo mwandishi aliinuka, pengine akalala, akarudi kesho yake na biro nyingine.

Karatasi moja sijaisahau. Mjane alikuwa ameandika "mume wangu mpenzi", akalikata neno "mpenzi" kwa mstari mmoja, kisha juu yake, kwa herufi ndogo zaidi, akaandika tena "mpenzi".

Nilikaa na karatasi ile muda mrefu kuliko pesa alizonilipa. Kuna mtu aliyeketi mezani usiku, akakataa kumwita mpenzi, halafu akakubali. Sijui alikubali kwa sababu ya watoto, au ya mashemeji, au ya marehemu mwenyewe. Nikataipu "mume wangu mpenzi" kwa fonti ile ile ya kila mtu, saizi 12. Kile kisa kizima kikabaki kwenye karatasi ambayo hakurudi kuichukua.

Siku hizi wasifu huja kwa WhatsApp. Nakili, bandika, panga. Kilichokuwa kinanila saa nzima nakimaliza kwa dakika kumi, na nitakuwa mwongo nikisema ninasikitika Ijumaa jioni huku watu watano wamesimama nyuma ya kiti changu. Lakini kuna aina nyingine iliyoanza kuja, laini kama imepigwa pasi, ambayo marehemu wote ni "nguzo ya jamii" na wote "wameacha pengo lisilozibika". Wiki moja nilipokea mbili, za familia zisizojuana, moja ya Nyalenda na nyingine ya Ahero, aya ya pili ikifanana karibu neno kwa neno.

Hakuna neno lililokatwa mle.

## Daftari la 1994

Wiki ya pili baada ya mazishi nilimuuliza mama kama bado analo daftari la matanga ya babu. Analo. Mama hatupi karatasi. Lilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, pamoja na kadi zetu za kliniki na risiti za karo: daftari la kawaida la shule, jedwali la kuzidisha nyuma.

Nilikuwa nimejiandaa kukuta mwandiko mzuri ili nijisikie vibaya ipasavyo. Sivyo nilivyokuta. Mwandiko wa mama si mzuri. Ni mpana na mzito, herufi zimesimama mbalimbali kama wageni wasiofahamiana. Ila hakuna mahali nilipokwama, miaka thelathini na zaidi baadaye, kwa mwanga wa taa ya sola. "Mahindi gorogoro 2." "Sukari kilo 1, majani pakiti 2." "Kuku 1 (jogoo)." Kisha fedha: 20/=, 50/=, 70/=, na kila saba imepigwa mkato tumboni. Kiasi kilipopita shilingi mia, ameandika kwa tarakimu halafu akarudia kwa maneno, kama mtu anayejaza hundi.

Mama hajawahi kumiliki kitabu cha hundi.

"Nani alikufundisha kuandika mara mbili?" nikamuuliza.

"Kwani nilikuwa najiandikia mimi?"

Akaendelea kupepeta mtama wake, mimi nikabaki na lile jibu. Nilikuwa nimeshaanza kutunga kichwani makala nyingine kabisa, ya kulilia uzuri wa hati za wazee wetu, wino wa bluu, harufu ya karatasi. Mnaijua makala hiyo. Mmeisoma mara nyingi. Swali la mama likaivunja. Yeye hakuwa na uzuri wa kulilia. Alikuwa na msomaji.

Na kabla mtu hajanikumbusha kwamba zamani nayo ilikuwa na zamani yake: mama huyo huyo alianza shule akichovya kalamu kwenye wino, na mwalimu wao aliwapiga marufuku biro kwa sababu, alisema, itawaharibia mkono. (Madawati yenye tundu la kichupa cha wino hata sisi tuliyakuta. Tulifichamo mapera.) Biro yenyewe imebeba jina la mtu, László Bíró, Mhungaria aliyeisajilia hataza mwaka 1938. Kwa hiyo kalamu ninayoililia mimi ndiyo iliyoshtakiwa na mwalimu wa mama.

Baba naye alikuwa mtu wa kadi za salamu. Aliwaandikia KBC, Idhaa ya Kiswahili, kadi juu ya kadi, majina yote kwa herufi kubwa zilizotengana vizuri, ili mtangazaji kule Nairobi asije akalitafuna jina la Kiluhya hewani mbele ya ukoo mzima. Barua zake kwa mama, alipokuwa akifanya kazi Nakuru, ni jambo jingine. Zilianza na "hofu na mashaka ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu", kisha zikateremka kwa mwandiko wa kuunganisha uliofungamana kiasi kwamba mama peke yake ndiye aliyeuweza. Sisi watoto tulijaribu kuuchungulia tukashindwa, na sasa nashuku ndilo lilikuwa kusudi.

Mtu mmoja, miandiko miwili. Alijua ni nani anasoma nini.

## Vidole vya Trondheim

Nilitafuta ushahidi pia, usiku, kwa simu, nikijua kichekesho chake. Nilitaka sayansi iseme kwamba kuna kitu nimepoteza.

Upo ushahidi. Mwaka 2014, Pam Mueller na Daniel Oppenheimer wa Marekani walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wanafunzi walioandika mhadhara kwa mkono waliyajibu maswali ya kuelewa vizuri zaidi kuliko waliotaipu. Wenye kompyuta walinakili maneno ya mhadhiri jinsi yalivyotoka. Mkono hauna kasi hiyo, basi unalazimika kuchagua cha kuchukua. Nilifurahi. Halafu nikakuta kwamba watafiti waliolirudia jaribio lile, wakachapisha mwaka 2019, hawakupata tofauti ya kutegemewa. Furaha ikapungua.

Nikahamia Norwe. Huko Trondheim, Audrey van der Meer na Ruud van der Weel waliwavisha wanafunzi 36 kofia za vihisio 256 vya kupima umeme wa ubongo, na mwaka 2024 wakatoa matokeo: mtu akiandika kwa mkono, sehemu za ubongo wake huwasiliana kwa upana kuliko akitaipu. Hapo nikasimama kidogo. Waliotaipu katika jaribio lile walitumia kidole kimoja tu, cha shahada, cha mkono wa kulia. Kule Kondele hakuna anayetaipu hivyo isipokuwa wateja wangu waliopita miaka sitini.

Ulionisadikisha ni wa watoto. Karin James wa Indiana, mwaka 2012, alichunguza watoto wa miaka mitano wasiojua kusoma. Walioandika herufi kwa mkono wao wenyewe, bila kufuatisha mistari, ubongo wao ulizipokea herufi hizo baadaye kwa namna inayofanana na ya mtu asomaye. Waliobonyeza kibodi, hapana. Hilo naliona nyumbani. Mwanangu wa Gredi ya Pili huandika "b" akaichunguza, akaigeuza, akaifuta kwa mate, akaandika tena. Tabuleti za serikali zilipoanza kugawiwa darasa la kwanza mwaka 2016 wengi tulidhani penseli imekwisha. Haijaisha, mtoto huyu hupoteza mbili kwa wiki. Insha ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, bado ni mkono. Uswidi, waliotutangulia kwa vioo, tangu 2023 wanarudisha vitabu vya karatasi na kalamu kwa watoto wao.

Nilisoma hadi saa nane usiku, nikagundua kinachonisumbua. Tafiti zote hizo zilimpima anayeandika: anakumbuka nini, ubongo wake unawaka wapi. Nilizozisoma, hakuna iliyouliza kama kuna mtu mwingine aliyeweza kukisoma kilichoandikwa.

Mimi kosa langu halikuwa la ubongo. Ubongo wangu ulijua vizuri kabisa ni mia saba.

## Mkono wa kushoto

Ndugu yangu anayenifuata ni mtu wa kushoto. Shuleni alipigwa rula kwenye vifundo kila biro ilipoonekana upande "mbaya". Akajifunza kuandika kwa mkono wa kulia, kwa namna mtu anavyojifunza kutembea na kiatu cha jirani. Mwandiko wake ukawa siafu waliomwagiwa majivu. Insha zake, na nasema hivi nikiwa dada mwenye wivu, zilikuwa nzuri kuliko zangu. Zilirudi na alama za huruma na neno moja kwa wino mwekundu: MWANDIKO! Insha ya KCPE, mtihani wa zamani wa kumaliza shule ya msingi, ilikuwa ya dakika 40 na alama 40, na dakika nyingi za kwake ziliishia kwenye kupambana na mkono wa kukopa.

Leo anaandika programu za kompyuta, Nakuru. Kibodi haikumuuliza ni wa upande gani.

Nilipompigia kumweleza huzuni yangu ya kalamu alinyamaza, kisha akacheka.

"Mnalilia fimbo, dada."

Nikamwambia si fimbo, ni mwandiko. Akaniambia kwake yeye hivyo viwili vilikuja pamoja, siku moja, kutoka mkono mmoja. Nilitafuta la kumjibu tangu simu ikatwe mpaka leo. Sijalipata, na siamini lipo.

## Orodha inayokula majina

Cha ajabu ni kwamba matanga yale yale yalikuwa na kosa jingine, na la pili lilimpata yeye.

Walio mbali walichangia kwa M-Pesa na kujiorodhesha kwenye grupu ya familia. Unaijua: unanakili orodha, unaongeza jina lako chini, unaibandika tena. Ndugu yangu alikuwa wa 14, shilingi 2,000. Mashangazi wawili wakanakili wakati mmoja; mmoja alikuwa ameshika orodha ya kabla yake; ya huyo ndiyo iliyobandikwa mwisho, na wote waliofuata wakaijenga juu ya hiyo. Akapotea. Siku mbili nzima hakuna aliyeona. Orodha ilikuwa safi, kila nambari mahali pake, kila jina linasomeka.

Alipogundua aliandika, "Nimeliwa na orodha," akaweka emoji ya kucheka. Akarudishwa. Hakuna aliyempelekea sukari.

Hili ndilo limenikosesha usingizi kuliko lile la kwanza. Elfu mbili zilizopotea kabisa zilikuwa kichekesho, na mia sita zilizosomwa vibaya zilimvika mzee kofia. Nilijiambia ni umri tu, kijana wa Nakuru na mzee wa Luanda hawawezi kuumia sawa. Kiasi, ndiyo. Lakini nikajaribu kutafuta nani alikosea kwenye ile orodha ya simu, nikamkosa. Shangazi alinakili alichokiona. Kosa lilitokea katikati ya watu, halina mwenyewe, na huwezi kukasirikia kitu kisicho na mwenyewe. Yule mzee alisimama mbele yangu. Alinitajia jina lake polepole, akaliangalia likiandikwa, akasubiri nimalize tarakimu, ndipo akaziweka noti mezani, zimekunjwa mara nne. Simu ya M-Pesa anayo, niliiona mfukoni mwa shati.

Alikuja kuandikwa.

Naye msomi alikuwa na haraka.

## Luanda, Jumamosi

Nilikwenda mwenyewe, bila senje. Matatu ilipita Kisian na Maseno nikiwa nimelipakata daftari kama mtoto. Nilikuwa nimeshaitia ile saba mkato kwa biro nyekundu, na pembeni nimeandika, polepole kama mwanangu wa Gredi ya Pili: mia saba.

Mzee alikuwa uani akichambua maharagwe kwenye ungo. Mulembe, mulembe. Mkewe akaleta chai na viazi vitamu. Tukazungumza mvua, tukazungumza bei ya mbolea, tukamaliza na watoto wangu wote mmoja mmoja.

"Baba, nimekuja kwa sababu ya ile saba."

"Saba gani?"

Nikamfungulia ukurasa. Alilipokea daftari, akalishika mbali na uso, akalisogeza karibu, akalirudisha mbali.

"Hii ilikuwa saba tangu mwanzo," akasema. "Ni yule kijana hakujua kusoma."

Nikataka kubisha. Mkewe akanitazama, nikanywa chai.

Hakulirudisha. Alilifunua ukurasa wa nyuma yake, na wa mbele yake, kiganja kikipita juu ya mistari. "Siku ya mazishi nilitoka mapema," akasema. "Sikujua watu wa Emuhaya walikuja kina nani." Akanipa. "Nisomee. Macho haya yameshaondoka siku nyingi."

Nikaanza. Majina matatu yalipita vizuri, na kila moja aliliitikia kwa "mm", na la tatu akaongeza, "Huyo baba yake tulisoma naye." La nne lilianza na herufi ambayo ingeweza kuwa M na ingeweza kuwa W. Nikaligeuza daftari kwenye mwanga. Nikaliinamia.

Mzee alikuwa ameacha kuchambua, amesubiri.